Nusu Namba Inayokua Gizani: Hotuba kwa Madereva wa Usiku

Ndugu zangu madereva wa mabasi na malori, vijana wa bodaboda, makondakta na utingo, habari za mchana.

Tuanze na taa. Ni usiku, lori liko mbele yako linapanda kilima kwa kujikongoja, nawe unachungulia kulia upate nafasi ya kulipita. Kule mbali unaona mwanga. Ni gari au ni pikipiki? Liko mbali au limeshafika? Mwenye macho mazima huuona mwanga huo ukigawanyika kuwa taa mbili ukiwa bado kilomita nzima na zaidi. Palepale ameshajua kuwa ni gari, na kadiri taa zile zinavyoachana ndivyo anavyokisia linavyomkaribia.

Sasa mweke kwenye usukani huohuo mtu mwenye macho ya namba -0.75, yaani asiyeona mbali kidogo tu. Hana miwani, wala hajui kama anaihitaji, maana mchana anasoma vibao karibu vyote. Yeye anaona donge moja la mwanga. Litabaki donge moja mpaka gari lile lifike kama mita 270. Ikiwa wote wawili mnakwenda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde mnakaribiana kwa mita 44. Mita 270 basi ni sekunde 6. Kulipita lori refu hukupa kazi ya sekunde 10 na zaidi. Fanyeni wenyewe hesabu iliyobaki.

Tutakavyoonesha, mtu huyohuyo mchana angezitenganisha taa zile tangu mita 530 hivi, yaani sekunde 12 kabla. Namba yake haikubadilika jua lilipozama. Kilichobadilika ni tundu ambalo mwanga unapita kuingia jichoni. Jambo hilo ndilo lililotuleta hapa sisi wataalamu wa macho, kwa sababu tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria Tanzania yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha baada ya katazo la miaka mingi, wengi wenu mnafanya kazi yote ya macho katika saa ambazo jicho lina udhaifu mkubwa zaidi. Na wengi wenu, mkipimwa, hupimwa mchana, kwenye chumba chenye mwanga, kisha mnaambiwa: "Namba ni ndogo, si lazima." Neno hilo tunalipinga.

Kutoona mbali, ambako wataalamu tunakuita maiopia, mara nyingi ni suala la urefu wa jicho. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Kule nyuma kuna utando unaopokea picha, yaani retina. Konea, ambayo ni kioo cha mbele cha jicho, pamoja na lenzi iliyo ndani, hukusanya mwanga ili ukutane pale pale kwenye retina. Jicho likirefuka, mwanga hukutana kabla ya kufika, halafu ukifika nyuma umeshaanza kutawanyika tena. Milimita moja ya ziada huleta dayopta 2.5 hadi 3; dayopta ndicho kipimo cha ile namba ya miwani. Maana yake ile -0.75 ni urefu wa ziada wa kama milimita 0.3 hivi, unene wa karatasi tatu za daftari.

Namba yenyewe inakwambia pia unaona vizuri mpaka wapi. Chukua mita moja, igawe kwa namba. Wa -2.00 anaona safi mpaka sentimita 50, baada ya hapo ukungu unaanza. Wa -0.75 anaona safi mpaka mita 1.3. Angalieni basi dashibodi iko wapi: sentimita 70 au 80 kutoka usoni. Spidi mita inasomeka, simu inasomeka, tiketi ya abiria inasomeka, na dereva anaapa kuwa macho yake ni mazima. Hasemi uongo. Vitu vyote anavyovigusa anaviona vizuri, na vile vinavyoweza kumuua vyote viko ng'ambo ya mita 1.3.

Turudi kwenye tundu. Mboni, ule weusi wa katikati ya jicho, si kitu bali ni uwazi. Juani huwa na upana wa milimita 2 hadi 3. Gizani kwa kijana hufunguka mpaka 6, 7, hata 8. Kwa mtu wa miaka 60 huishia karibu 5. Inafunguka ili kuokota mwanga mwingi zaidi, na hapo inafanya kazi yake sawasawa. Lakini ikiwa jicho halikusanyi mwanga mahali pake, kila nukta ya mwanga kule nje inakuwa duara ndani ya jicho, na upana wa duara hilo unakwenda sambamba na upana wa mboni. Mboni ikipanuka mara mbili, duara la ukungu linapanuka mara mbili.

Umewahi kuona bati lenye tundu la msumari. Jua linapita na kuchora doa dogo la duara sakafuni, na kama chumba ni cha giza, tundu dogo sana linaweza hata kuchora ukutani picha ya mti ulioko nje. Litanue tundu hilo liwe la ukubwa wa shilingi, picha inapotea, unabaki na mwanga tu. Jicho lisiloona mbali liko hivyohivyo. Mchana tundu dogo linaficha kosa, usiku tundu kubwa linalifichua. Ndiyo maana asiyeona mbali hufinya macho: anatengeneza ufa mwembamba kwa kope zake. Hata neno maiopia asili yake ni Kigiriki, likisema habari ya mtu anayefumba macho nusunusu. Ukimwona dereva mwenzako anafinya macho akitazama kibao, usimcheke. Mlete apimwe.

Hesabu yetu ya mwanzo imetoka hapo. Zidisha upana wa mboni kwa milimita na namba ya jicho. Milimita 6 mara 0.75 ni 4.5. Hiyo ina maana kwamba kitu kilichoko mita 100 mbele, kila nukta yake inatapakaa upana wa sentimita 45. Taa mbili za gari dogo zimeachana kama mita 1.2. Ili madoa yao yasigusane, gari lisiwe mbali kuliko mita 270. Kwa -2.00 ni mbaya mno: taa haziachani mpaka zifike mita 100, sekunde 2 na robo.

Taa angalau zinawaka. Kitu kinachotutia hofu zaidi ni kile kisichowaka. Mnayajua matawi. Lori limeharibika, dereva hana kibao cha pembetatu au kimeibwa, anakata matawi na kuyatandaza barabarani nyuma ya gari lake. Mchana tawi la kijani juu ya lami ya kijivu linaonekana vizuri. Usiku, kwa taa fupi, ni kitu cheusi juu ya kitu cheusi, na kinachokuwezesha kukitambua ni kingo tu: ncha za majani, kivuli cha vijiti. Jani lenye upana wa sentimita 10 likiwa mita 60 mbele ya mwenye -0.75 limefunikwa na ukungu wa sentimita 27. Halionekani kama jani hafifu. Limeyeyuka ndani ya lami. Dereva anaiona barabara iko tupu, na anaamini anachokiona. Hali ni hiyohiyo kwa mtu anayetembea pembeni amevaa nguo nyeusi, kwa guta lisilo na kiakisi mwanga nyuma, kwa tuta lililofutika rangi, na kwa mnyama anayevuka ile barabara inayokatisha Hifadhi ya Mikumi.

Kuna na nyongeza. Mwaka 1789 Nevil Maskelyne, mwanafalaki wa mfalme wa Uingereza, aliandika kuwa usiku alihitaji lenzi kali kuliko ya mchana ili azione nyota vizuri. Mwanafizikia Lord Rayleigh aliona hivyohivyo mwaka 1883. Jambo hilo leo linaitwa maiopia ya usiku, na sababu zake zinajulikana. Ya kwanza, mboni ikipanuka mwanga unapitia pia kwenye pembezoni mwa konea na lenzi, na pembezoni hupinda mwanga zaidi kuliko katikati. Ya pili, gizani jicho hutegemea zaidi mwanga wa upande wa bluu, ambao hukutana mbele kidogo ya ule wa njano na mwekundu. Ya tatu, ambayo kwa vijana ndiyo nzito kuliko zote: jicho likikosa kitu cha kulishika halitulii mbali. Linarudi lenyewe likatazame kama umbali wa mkono hadi mita moja, mithili ya mtu anayesinzia na kidevu kikashuka. Yote haya yakijumlishwa kwa wengi ni kama nusu dayopta, kwa wengine inafika dayopta nzima, na wapo ambao hawana kabisa.

Kwenye barabara yenye taa nzuri nyongeza hii ni ndogo, kwa sababu jicho linapata kitu cha kushika. Inakua pale penye mwanga hafifu. Kwa hiyo kijana wa bodaboda mwenye miaka 22, mboni zake zikiwa pana kuliko za wote hapa, na pikipiki yake ina taa iliyofifia inayoangaza mita 15, ndiye anayelipa gharama zote tatu kwa pamoja. Taa mpya kwake ni dawa ya macho kweli.

Na sisi watu wa karibu na ikweta tuna jambo letu. Katika nchi zilizo mbali na ikweta giza huingia taratibu. Hapa jua likishazama, utusitusi ni dakika 20 na kitu tu, giza limeingia. Nyuma ya jicho kuna chembe za aina mbili: za mchana, kama milioni 6, ndizo zinazosoma na kuona rangi; za usiku, zaidi ya milioni 90, ndizo zinazookota mwanga hafifu. Hizi za usiku huhitaji dakika kama 30 gizani ndipo zifanye kazi kwa nguvu yake. Giza letu linaingia kabla hazijawa tayari. Anayetoka saa moja usiku kwenye stendi yenye taa kubwa, dakika moja iliyopita alikuwa anatazama simu, anaingia barabara ya giza na macho ambayo bado yako mchana. Punguza mwanga wa dashibodi. Simu iache. Na ile miwani nyeusi ya jua ivae kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na moja, kwa sababu jicho lililopigwa jua kali kutwa nzima huchelewa zaidi kuzoea giza jioni. Jua likishazama, ivue.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku. Mtu akituambia "sioni usiku", hatujui bado anaumwa nini. Asiyeona mbali, akae na sahani yake kwenye mwanga wa koroboi, anaona samaki na miiba yake yote. Shida yake ni vitu vya mbali. Mwenye upofu wa usiku wenyewe anajikwaa kigoda ndani ya nyumba yake, anapapasa mlango, na miwani haimsaidii. Huyo chembe zake za usiku hazifanyi kazi. Sababu moja ni upungufu wa vitamini A, unaowapata zaidi watoto wadogo wenye lishe duni na watu wenye maradhi ya ini au utumbo. Dawa yake ni vitamini yenyewe na chakula: maini, mayai, maziwa, mchicha na majani mengine ya kijani, viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Sababu nyingine ni ugonjwa wa kurithi wa retina, ambao huanza na giza kisha hubana uwezo wa kuona pembeni mpaka mtu anaona kama kupitia bomba. Ukiwa na ndugu wa damu aliyepata hali hiyo, sema ukipimwa. Karoti tunaziheshimu, lakini hazipunguzi urefu wa jicho. Kula kilo moja kila siku, -0.75 itabaki -0.75.

Kipimo cha kujifanyia mwenyewe kipo. Tafuta gari limeegeshwa, ni mchana, hesabu mita 20 kwa futi kamba, usikisie kwa hatua. Uingereza dereva lazima asome namba ya gari kwa umbali huo. Ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibinya, soma. Kisha jingine. Usisome kwa yote mawili kwanza, kwa kuwa jicho zima litalibeba bovu na hutajua. Ukishindwa, chukua kadi ngumu, itoboe kwa pini tundu la milimita moja, liweke karibu kabisa na jicho, utazame tena. Herufi zikisafika, tatizo liko kwenye kukusanya mwanga na miwani itakutosha. Zisiposafika, lenzi peke yake haitakuponya. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni retina, na unahitaji daktari wa macho na si duka la miwani. Kumbukeni tu kwamba ukifaulu kipimo hiki mchana hujathibitisha usiku wako. Ukishindwa mchana, usiku usiendeshe.

Kuhusu kupima kwenyewe tutasema kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo mnapopewa miwani isiyofaa na mnaamini kwamba miwani yote haifai.

Ubao wa herufi unatakiwa uwe mita 6. Vyumba vingi havina urefu huo, kwa hiyo kunatumiwa kioo: ubao unawekwa nyuma yako, unautazama ndani ya kioo kilichoko mita 3, jumla mita 6. Hiyo ni sawa. Kisicho sawa ni ubao wa mita 6 kuwekwa mita 3 bila kioo, au hata ubao wa mita 3 kwenye mita 3 bila mpimaji kufanya hesabu. Lenzi inayokufaa mita 3 inapungukiwa dayopta 0.33 kwa barabara. Kwa mwalimu wa darasani si neno. Kwa dereva wa usiku hiyo ni karibu nusu ya ile -0.75 tuliyoihesabu, na umelipia miwani inayokuachia kosa. Uliza: ubao uko mita ngapi? Ukitilia shaka, omba umalizie kipimo ukiwa umetazama nje dirishani, kitu kilichoko mbali kabisa, huku wakijaribu kuongeza -0.25. Kikisafika, inastahili kuwemo.

Kosa la upande wa pili huwakuta vijana. Jicho la kijana lina nguvu ya kujikaza, na likikazwa linajifanya halioni mbali. Umekaa kwenye foleni saa mbili ukichezea simu karibu na pua, unaingia, mashine inatoa -1.50, unatengenezewa -1.50, kumbe ni -0.75. Miwani hiyo itaonesha kila kitu kikali na kidogo, na baada ya saa moja barabarani kichwa kinauma. Namba ya mashine ni mahali pa kuanzia tu. Mpimaji mzuri ataweka kwanza lenzi ya kukutia ukungu, apunguze hatua kwa hatua, na mwisho akuoneshe herufi kwenye rangi nyekundu na kijani. Zikiwa nyeusi zaidi kwenye nyekundu, namba bado haijatosha. Kwenye kijani, imezidi. Anayekupa miwani bila hatua hiyo amekupima nusu.

Halafu kuna silinda. Jicho ambalo konea yake haikuviringika sawasawa huvuta taa ziwe na mkia, kila taa ikiwa na mchirizi unaolala upande uleule. Inamisha kichwa: mchirizi ukiinama pamoja na kichwa, ni jicho lako. Usipoinama, ni kioo cha gari. Silinda ya 0.50 huachwa mara nyingi "kwa kuwa ni ndogo". Dereva wa usiku aidai.

Na namba ikibadilika ghafla usikimbilie miwani. Sukari ikipanda mwilini, lenzi ya jicho hubadilika, na mtu aliyekuwa anaona vizuri anaweza kugeuka asiyeona mbali ndani ya siku chache. Pima sukari kwanza. Ikishatulia kwa wiki kadhaa ndipo upimwe miwani, la sivyo utanunua miwani ya sukari, ikishuka haikufai tena. Vilevile mzee wa miaka 60 anayefurahi kwamba siku hizi anasoma gazeti bila miwani aliyokuwa akiitegemea: mara nyingi huyo ni mtoto wa jicho anayekomaa katikati ya lenzi. Karibu pamesafika kwa kuwa mbali pameharibika, na taa za magari sasa zinamtawanyikia kama maua.

Lenzi zenyewe. Lenzi ya plastiki ya kawaida isiyo na utando huakisi kama asilimia 4 ya mwanga upande wa mbele na 4 upande wa nyuma. Mwanga unaokufikia ni asilimia 92, na ule ulioakisiwa haupotei wote, mwingine unarudi jichoni kama kivuli cha taa pembeni ya taa halisi. Lenzi nyembamba za bei, zile za namba kubwa, huakisi zaidi, jumla karibu asilimia 12. Utando wa kuzuia mng'ao hupandisha mwanga hadi asilimia 99 hivi. Kama una fedha ya kuongeza kitu kimoja tu kwenye miwani ya usiku, ongeza huo. Usiongeze rangi.

Hapa tuseme waziwazi kuhusu miwani ya njano inayouzwa stendi kwa jina la miwani ya usiku. Inapunguza mwanga. Dunia inaonekana imechangamka, mng'ao unahisi umepoa, na mtu wa nguo nyeusi aliyeko pembeni amefifia zaidi kuliko kabla hujaivaa. Haikusanyi mwanga kwenye retina, kwa hiyo ukungu uko palepale. Inauza faraja. Iache.

Angalieni pia katikati ya lenzi. Kila lenzi ina kiini chake, na kiini hicho lazima kikae mbele ya mboni. Fundi asipopima umbali kati ya mboni zako mbili kwa milimita, akatumia wa kukisia, lenzi ya -4.00 iliyosogea milimita 5 tu hupinda picha kiasi cha kuyavuta macho yafanye kazi ya ziada safari nzima. Uchovu huo dereva huuita usingizi. Miwani ya minasi, yaani ya kuonea mbali, iliyo tayari, ile ya kuchagua kwenye meza, ina umbali mmoja kwa watu wote na namba moja kwa macho yote mawili. Isikupeleke Mbeya.

Wapo wanaoogopa kuvaa namba kamili wakidhani itaharibu macho, wanaomba "ipunguzwe kidogo". Kupunguza hakuzuii namba kukua. Kwa watoto wenu kinachosaidia ni kukaa nje kwenye mwanga wa mchana, kama saa mbili kila siku, na kuweka kitabu na simu mbali na uso. Kwa nyinyi ambao macho yameshamaliza kukua, chukueni namba yote.

Miwani ikishapatikana, osha kwa maji kwanza ili vumbi litoke, tone la sabuni ya vyombo, suuza, kausha kwa kitambaa laini. Pindo la shati kavu lina mchanga, na kila mkwaruzo usiku ni mshale wa mwanga. Kioo cha mbele cha gari kina ukungu wake pia, wa ndani, mafuta yanayotoka kwenye plastiki ya dashibodi, moshi, na kiganja cha mtu anayefuta umande. Kifute ndani kwa maji ya sabuni kila wiki. Badili waipa kabla hazijachora kioo.

Hata mwenye miwani kamili asidanganyike. Taa fupi humwonesha mtu wa nguo nyeusi akiwa mita 40 au 50. Basi la kilomita 80 kwa saa, ukiweka sekunde moja na nusu ya dereva kushtuka, linasimama baada ya mita 80 hivi. Kwa kilomita 50 linasimama kwenye mita 40. Ukishusha taa kumpisha mwenzako, shusha na mwendo.

Wenye namba kuanzia -6.00 na kuendelea tuna neno la pekee nao. Jicho refu kiasi hicho lina retina iliyovutika na kuwa nyembamba. Ukiona vimulimuli vya ghafla kama radi ukiwa gizani, madoa mengi mapya yanayoelea kama nzi, au pazia linaloshuka upande mmoja, simamisha safari umpe mwenzako gari. Huo ni uwezekano wa retina kubanduka, na unahesabiwa kwa saa, si kwa wiki.

Nunua miwani ya akiba ya namba hiyohiyo. Isikae juu ya dashibodi, joto la kioo kilichofungwa hupasua ule utando wa kuzuia mng'ao ukawa kama udongo uliokauka. Iweke kwenye kibweta kigumu, mfukoni mwa mlango.

Meza za kupimia ziko pale nyuma, ubao uko mita 6, tumepima kwa futi kamba. Wanaoondoka na gari usiku wa leo waanze. Hao hatutawatia matone ya kupanua mboni, kwa sababu yakishaingia mboni hubaki wazi kwa saa kadhaa na usiku huo mtu haendeshi. Wenye namba kubwa, wenye sukari na waliovuka miaka 40 tutawapangia siku ya mapumziko yao ili tuyatie matone hayo na kuitazama retina yote mpaka pembezoni. Njooni na miwani mliyonayo, hata ile iliyovunjika mguu.